Tuliyoyaficha Juu ya Maradhi ya Dada Yetu



Usiku mmoja wa mwezi wa Shaaban, baada ya sala ya Isha, alitujia mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Mombasa, tukaketi naye kwenye baraza ya msikiti mpaka watu wote wakaondoka. Alikuwa na jambo zito. Tulilitambua kwa namna alivyokuwa akizivuta punje za tasbihi bila ya midomo yake kutikisika. Mwanawe wa kiume alikuwa ameposa. Posa imekubaliwa, mahari imetajwa, na nikahi ilitazamiwa Mfunguo Mosi. Sasa mkewe amepata habari kwamba mama wa yule binti hakufa kwa shinikizo la damu kama ilivyosemwa matangani, bali alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Tena mama mdogo wa binti, nduguye marehemu kwa baba na mama, alikufa kwa maradhi hayo hayo miaka michache baadaye.

"Shekhe," akatuuliza, "je, yafaa kuvunja posa kwa jambo kama hili? Mke wangu asema ile ni damu mbovu. Na asema pia," hapa aliteremsha sauti ijapokuwa hapakuwa na wa kutusikia, "ya kwamba maradhi yale hayaji bure, yana sababu zake."

Neno hilo "sababu zake" halihitaji kufasiriwa katika miji yetu. Linasemwa kwa mdomo kuvutwa upande, na kila aliyepo hulielewa: mwanamke yule hakuwa na mwenendo mwema.

Tulimjibu kwamba posa si nikahi, na mtu aweza kujiondoa kwa wema maadamu hajafunga ndoa. Kisha tukamwambia aswali istikhara. Kifikihi jawabu hilo halina kosa. Hata mwanafunzi wa miaka miwili chuoni angalilitoa. Lakini lilikuwa jawabu la kukwepa, na sababu ya kukwepa tuliijua sisi peke yetu. Dada yetu mkubwa, aliyetubeba mgongoni na kutufunza alifu na be kabla hatujapelekwa kwa mwalimu yeyote, alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1994.

Watu waliambiwa ni tumbo. Marehemu baba yetu ndiye aliyeamuru hivyo, nasi hatukumlaumu, kwani zama zile hata jina la kiungo chenyewe halikuwa likitajwa mbele ya wanaume. Dada aliwekwa chumba cha ndani, na udi ulifukizwa mchana na usiku ili kuifunika harufu. Mpaka leo tukiingia katika nyumba ya arusi iliyofukizwa udi mwingi, hatukai sana. Watu hudhani tuna haraka ya sala. Wageni waliokuja kumtazama waliketi ukumbini, na siku moja mmoja wao akauliza, kwa sauti aliyodhani haipiti mlango, huyu mtoto alifanya nini hata akapatwa na haya. Ilipita. Usiku ule, tulipokuwa tukimsomea, dada alitushika mkono akasema, "Mdogo wangu, Wallahi mimi sikupata kumjua mwanamume ila mume wangu." Tulimwambia, "Tunajua, dada." Tulikuwa na umri wa miaka 24, na haki ni kwamba hatukuwa tukijua. Tulimpenda, lakini moyoni kulikuwa na kijiswali, na tunaogopa ya kwamba alikiona.

Basi yule mzee alipotuuliza, ilikuwa ni kama ametuuliza juu ya nyumba yetu. Tungalimtetea yule marehemu, angetuuliza tumejuaje. Nasi tunao mabinti wawili ambao bado hawajaolewa. Tukanyamaza, na posa ikavunjwa kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani.

Mfunguo Pili, akina mama wa darsa la Jumamosi walimwalika daktari azungumze nao juu ya saratani. Daktari mwenyewe ni binti wa mtaa huu huu. Alisoma chuoni kwetu, na tunakumbuka kwamba alikuwa akikosea kila mara kwenye hukumu za nuni sakina. Tuliombwa tufungue kwa dua, na nia yetu ilikuwa kufungua kisha kuondoka. Tulikaa nyuma ya pazia hadi adhana ya Magharibi.

Alianza na jambo ambalo kila familia ya pwani inalijua, nalo ni figo. Wangapi miongoni mwetu hawajachangia nauli ya mgonjwa wa kwenda India kupandikizwa figo? Na wangapi hawajaona ndugu wanne wakipimwa damu, mmoja akaambiwa figo yake inaafikiana kabisa na ya mgonjwa na wengine wakaambiwa haiafikiani sawasawa, ilhali wote ni wa baba mmoja na mama mmoja? Kinachotazamwa hapo, alisema, ni kundi la jeni liitwalo HLA. Daktari Mfaransa, Jean Dausset, ndiye aliyeelezea ile ya mwanzo katika mwaka wa 1958, na mwaka 1980 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Lakini jeni hizi, akasema, hazikuumbwa kwa ajili ya kuwasumbua wapasuaji wa figo. Kazi yake ni ulinzi.

Alilieleza hivi, nasi tunalisimulia kama tulivyolielewa. Kila seli ya mwili ni mfano wa nyumba. Ndani yake hutengenezwa protini za kila namna, na kila mara vipande vidogo vya protini hizo huwekwa juu ya sinia, na sinia likatolewa nje ya mlango. Askari wa mwili, nao ni chembe nyeupe za damu, hupita mtaa kwa mtaa wakitazama masinia. Wakikuta chakula cha kawaida cha nyumba hiyo hupita. Wakikuta kipande kigeni, mathalani kipande cha kirusi, hujua kwamba humo ndani mna mvamizi, na nyumba hiyo huvunjwa kabla mvamizi hajazaana. Jeni za HLA ndizo zinazofinyanga masinia hayo. Na ajabu ni kwamba masinia ya wanadamu hayafanani. Aina zinazojulikana ni maelfu kwa maelfu. Kuna sinia ambalo kipande cha kirusi fulani hukaa juu yake kikatulia, askari akakiona kwa mbali. Na kuna sinia ambalo kipande hicho hicho huteleza kikaanguka, askari akapita asione kitu.

Sisi tuliosomeshwa elimu ya mirathi tulilipenda sana somo lililofuata. Mtoto hurithi fungu moja la masinia kutoka kwa baba na fungu moja kutoka kwa mama, na kila mzazi ana mafungu mawili, akatoa moja tu kati ya hayo. Ndiyo maana nduguyo wa baba na mama ana nafasi moja katika nne ya kuafikiana nawe kikamilifu, na nafasi moja katika nne ya kutoafikiana nawe hata kidogo. Hesabu yake ni nyepesi kuliko ya faraidhi. Wala haimpendelei mume kwa mke: binti na kaka yake hupokea sawa.

Kisha akaingia katika maradhi yenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi, karibu yote, huanzia kwa kirusi kiitwacho papiloma, ambacho hospitalini hutajwa kwa herufi HPV. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyekithibitisha katika miaka ya 1980, naye pia alipewa Tuzo ya Nobel, mwaka 2008. Aina zake ni nyingi, na mbili kati ya hizo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban saba katika kila kumi ya saratani hizi. Hupita kwa maingiliano ya mume na mke. Hapo ukumbi ulinyamaza, na nyuma ya pazia sisi pia tulinyamaza, kwani tulidhani sasa litathibitishwa lile neno la mdomo kuvutwa upande.

Alichokisema kilikuwa kinyume chake. Kirusi hiki, alisema, ni cha wote. Watu wengi kabisa walioingia katika maisha ya ndoa hukutana nacho wakati mmoja au mwingine. Mwanamke aliyeolewa bikira, akaishi na mume mmoja mpaka kufa, aweza kukipata kwa mume huyo huyo. Na mume naye aweza kuwa alikipata katika ndoa iliyotangulia, ndoa ya halali yenye walii na mashahidi, wala asihisi maumivu, wala asione dalili, wala asijue. Katika miji yetu, ambamo talaka ni nyingi na wajane na waliotalikiwa huolewa tena, nayo ni sunna njema, ni nyumba ngapi zitakazojidai kwamba kirusi hiki hakikupita kizingiti chao? Maadamu kimepita kwa wote na wakaugua wachache, basi ugonjwa haukueleze alichokitenda mgonjwa. Unakueleza tu kwamba kwake hakikuondoka.

Kwa wengine huondoka. Wanawake walio wengi, takriban tisa katika kila kumi, askari wao hukiona na kukifuta katika muda wa miaka miwili, bila ya dawa na bila ya mwenyewe kujua kwamba alikuwa nacho. Kwa wachache hubaki, na kikibaki miaka 15 au 20 chaweza kuigeuza ngozi ya pale mahali kuwa saratani. Ushahidi wa kwamba kinga ya mwili ndiyo yenye kuamua ni wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao askari wao wamepunguzwa: hao hatari yao ni mara sita ya wenzao, na safari ya kutoka kirusi hadi saratani kwao huwa fupi zaidi.

Mama mmoja aliuliza swali ambalo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wetu: kwa nini basi dada wawili wa tumbo moja wapatwe wote, na nyumba ya jirani isipatwe hata mmoja? Daktari akajibu kwa habari ya Uswidi. Nchi hiyo ina daftari la wagonjwa wote wa saratani tangu mwaka 1958, na ina kumbukumbu za nani amezaliwa na nani, na nani amelelewa na nani. Mwaka 1999, watafiti wa huko walichapisha katika jarida la Nature hesabu waliyoifanya kwa kumbukumbu hizo. Waliwatazama wanawake waliopatwa na saratani ya mlango wa kizazi au kasoro zinazoitangulia, kisha wakawatazama mama zao na dada zao. Waliona kwamba mama mzazi wa mgonjwa, na dada yake wa baba na mama, hatari yao ilikaribia kuwa maradufu ya watu wengine. Dada wa upande mmoja, hatari yake ilikuwa katikati. Ama mama wa kulea, aliyekula chungu kimoja na mgonjwa na kulala naye chini ya paa moja, hatari yake haikuongezeka kiasi cha kutajika. Maana yake ni kwamba sehemu ya jambo hili hupita katika damu, wala si katika mwenendo wa nyumba.

Miaka 14 baadaye, mwaka 2013, watafiti wa nchi hiyo hiyo walichunguza jeni za wagonjwa zaidi ya 1,000 na kuzilinganisha na za maelfu ya wasio wagonjwa. Walipekua jeni zote, si mahali pamoja. Tofauti zilizojitokeza wazi kuliko zote zilikuwa kwenye kromosomu ya sita, pale pale palipo na jeni za masinia. Tafiti za nchi mbalimbali zimeona pia kwamba wenye sinia la aina iitwayo DRB1*13 ni wachache miongoni mwa wagonjwa kuliko ilivyotarajiwa, kana kwamba sinia hilo linakidaka vyema kipande cha kirusi. Na kirusi chenyewe si mjinga. Kinayo hila ya kuzuia masinia yasitolewe nje ya mlango, ili askari apite akidhani nyumba imelala.

Tunaomba radhi tukitoka njiani kidogo. Miaka tukiwa wadogo tulikuwa tukiona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, na watu wakisema wamepigwa na jini. Uvimbe ule una jina la Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, naye aliuandika mwaka 1958. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, kule London, wakaona kirusi ndani ya seli zake. Nacho ni kirusi ambacho karibu kila mtu mzima ulimwenguni anacho mwilini. Uvimbe huwapata watoto wa nchi zenye malaria nyingi kama zetu, ambao malaria imewachosha askari wao. Kule pia kirusi ni cha wote na maradhi ni ya wachache, na hakuna aliyewahi kumwuliza mtoto wa miaka sita amefanya nini.

Turudi kwenye damu mbovu. Daktari alilikataa neno hilo kwa ukali ambao hatukuwa tukiutarajia kwa mtu aliyekuwa mpole chuoni. Maradufu ya kitu kidogo, alisema, bado ni kidogo. Tuseme katika wanawake 100 wawili wangepatwa maishani mwao. Basi katika familia kama ile wangepatwa wanne, na 96 wangesalimika. Tena hakuna sinia lililo bovu kwa kila kitu. Sinia linalokiangusha kirusi hiki huenda ndilo linalodaka jingine. Lipo moja, liitwalo B27, ambalo wenye nalo huchelewa kudhoofishwa na virusi vya Ukimwi, na hao hao huwa wepesi wa kupatwa na maradhi ya uti wa mgongo. Lau watu wote wangalikuwa na sinia la aina moja, tauni moja ingaliwamaliza wote. Kwa hiyo, atakayetaka kuoa katika nyumba yenye jeni njema tu atazeeka bila ya mke. Hapo akina mama walicheka, na sisi pia.

Darsa lilipokwisha tulimwomba daktari abaki, mwenzetu wa nyumbani akiwepo, tukamweleza habari ya dada. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1994 kulitaja jina la maradhi yale mbele ya mtu asiye wa nyumba yetu. Tulitaka, kwa kweli, atuambie neno moja tu: kwamba dada alisema kweli. Alituambia kwamba maradhi yale hayakuwa na uwezo wa kumshuhudia dhidi yake, na kwamba maneno yake kwetu yalitosha. Tulikumbuka hukumu zilizomo katika Suratun-Nur juu ya wanaowasingizia wanawake waliohifadhika bila ya kuleta mashahidi wanne. Tumezisomesha hukumu hizo miaka 30, wala hata siku moja hatukufikiri kwamba kijiswali chetu kilikuwa kikiishi jirani nazo.

Kisha daktari akauliza, "Maalim, aliacha binti?"

Aliacha. Alimwacha na miaka minne. Sasa ana 35 na watoto watatu, na yuko Malindi. Tulimlea sisi na shangazi zake, tukamwoza, na hakuna aliyepata kumwambia mama yake alikufa kwa nini. Na kwa kuwa hajui, hakuwahi kupimwa. Daktari hakusema zaidi, alitutazama tu. Sisi tuliomwendea kwa ajili ya maiti tukaona aibu mbele ya aliye hai.

Wajihi wa jambo ni huu, na tunaueleza kwa ajili ya kila nyumba yenye siri kama yetu. Familia ambayo mama au dada amepatwa, hiyo ndiyo yenye haja zaidi ya kujua, na kuficha ndiko kunakogeuza hatari ndogo kuwa kubwa. Hakuna haja ya kupima jeni. Upimaji wa mlango wa kizazi wenyewe unatosha. Upo wa siki: mhudumu hupaka asidi ile ile iliyomo katika siki ya achari, akangoja dakika moja, na penye kasoro hugeuka peupe. Upo pia wa kukitafuta kirusi chenyewe, na huu mwanamke aweza kujichukulia sampuli peke yake, faraghani, bila ya kuonwa na mtu. Wenye kuona haya wasiwe tena na udhuru. Kasoro ikionekana kabla ya kuwa saratani huondolewa kwa baridi au kwa joto katika muda wa dakika chache, na mtu akarudi kwake siku ile ile. Nchini Kenya wanawake zaidi ya 3,000 hufa kila mwaka kwa maradhi haya, ambayo hutangulizwa na miaka mingi ya kuweza kuzuiwa.

Ama chanjo, ilianza kutolewa nchini Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, na uzinduzi wake ulifanyika papa hapa Mombasa. Maneno mengi yalisemwa wakati ule, na tunakiri kwamba baadhi yake yalisemwa kwenye baraza ambazo sisi tulikuwepo. Ndani yake hamna kirusi. Mna ganda lake tupu, lisiloweza kuzaana, ili askari wajifunze sura ya adui kabla hajafika. Hutolewa mapema kwa sababu humfaa zaidi asiyewahi kukutana nacho, nayo haina shughuli na tabia ya mtoto, kama vile chanjo ya pepopunda isivyomfunza mtoto kukanyaga misumari. Mjukuu wetu ametimiza miaka 10 mwezi uliopita, na ameipata.

Tulimwendea yule mzee nyumbani kwake tukamweleza yote, tukaanza na dada yetu. Alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mkewe alikuwa nyuma ya mlango wa ukumbi, tuliuona upindo wa leso yake, naye hakusema kitu. Baada ya wiki walimtuma mshenga akarejeshe posa. Baba wa binti alimpokea kwa kahawa na halua, akamshukuru, kisha akamwambia kwamba binti amekataa. Amesema hataingia nyumba ambayo mama yake amezungumzwa. Hatuoni pa kumlaumu. Siku chache baadaye mke wa yule mzee alimwuliza mwenzetu, kwa njia ya mbali kama anayemwulizia mtu mwingine, kliniki ile hufunguliwa siku gani.

Malindi tulikwenda Jumatatu, sisi na mwenzetu. Tulimkuta mpwa wetu akipeta mchele uani. Tulimwambia wenyewe, hatukumwachia mwenzetu aseme, na tulimwambia mpaka lile neno mama yake alilotuapia usiku ule. Aliendelea kupeta kwa muda, kisha akauweka ungo chini.

"Mjomba," akasema, "miaka yote hii mlikuwa mkijua?"

Tulimjibu kwamba ndiyo. Hakulia mbele yetu. Aliuliza mama yake alikuwa na miaka mingapi alipoanza kuugua, tukamwambia 36, akahesabu kwa vidole. Kesho yake asubuhi alivaa buibui, akamwachia jirani mtoto mdogo, na mwenzetu akaandamana naye hospitalini. Sisi tulingoja nje, chini ya mwarobaini, pamoja na waume wengine wawili ambao hawakuwa wakitazamana. Alichukua sampuli mwenyewe. Wameambiwa warudi Alhamisi ya wiki ijayo kwa majibu, na mumewe amesema atakwenda naye.